Vakansi ya siku 60, muhuri wa siku 30



Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai, familia nyingi za hapa Dilala zinaanza kufunga mizigo. Wengine wanaenda kijijini, upande wa Mutshatsha ao Lubudi. Wengine wanavuka mpaka kuenda kwa ndugu zao Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola. Si ajabu. Watu wa Copperbelt ya Zambia ni majirani zetu wa shaba, Kibemba kinasikika pande zote mbili, na dada aliyeolewa Kitwe anabaki dada. Lakini afisa wa mpakani haangalii udada, anaangalia tarehe. Juu ya hiyo, wiki hii tufuate njia hiyo pamoja, tukihesabu siku.

Kutoka Kolwezi tunapita Fungurume na Likasi mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 300, katikati ya malori ya shaba na kobalti. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa inabaki karibu kilometa 90. Ukiona foleni ya malori isiyo na mwisho, ujue umefika.

Pale kuna biro mbili. Upande wetu ni DGM, wanaopiga muhuri wa kutoka. Upande wa pili ni uhamiaji wa Zambia, wanaopiga muhuri wa kuingia. Ule wa pili ndio wenye maneno. Usikubali kijana yeyote akuambie: "Mama, leta pasipoti, kaa kwenye gari, mimi nitakupigishia." Enda mwenyewe pamoja na watoto, na mbele ya kuacha dirisha soma kile kilichoandikwa. Mtu asiye na muhuri wa kuingia hana namna ya kuonyesha siku gani aliingia, na siku ya kutoka ataonekana kama mtu aliyejificha. Ile karatasi ndogo ya watu wa mpakani, ya kuvuka na kurudi, nayo haitoshi kwa kulala Kitwe wiki sita.

Sasa tufike kwenye hesabu. Viza iko na mambo mawili yanayochanganya watu. La kwanza ni tarehe ya mwisho ya kuitumia kuingia. La pili ni siku unazoruhusiwa kukaa kisha kuingia. Viza inaweza kuonyesha miezi mitatu, na muhuri ukakupa siku 30. Ukiisha kuingia, fuata siku za muhuri.

Kwa kawaida Zambia inapatia mgeni wa matembezi siku 30 za kwanza. Anaweza kuomba ziongezwe, mpaka jumla ya siku 90 ndani ya miezi 12. Aliyeingia kwa shuguli za biashara yuko na siku 30 tu ndani ya miezi 12. Kwa hiyo, ukiulizwa unaenda kufanya nini, sema ukweli, kwa sababu jibu lako ndilo linaamua hesabu yako.

Tuchukue mfano. Mama anaingia tarehe 8 Julai, anapewa siku 30. Anasema moyoni: "Ni mwezi moja, nitatoka tarehe 8 Agosti." Lakini Julai iko na siku 31. Tukihesabu siku ya kuingia kuwa ya kwanza, kutoka tarehe 8 mpaka 31 ni siku 24. Zinabaki sita, na siku ya 30 ni tarehe 6 Agosti. Huyu mama amekwisha kupitisha siku mbili, na bado anakula bukari kwa dada yake kwa amani. Hesabu siku moja-moja kwa kidole kwenye kalendari, na uanze na siku ya kuingia hata kama ulifika magaribi.

Shida kubwa ni hii: vakansi yetu inakaribia siku 60, na muhuri ni wa 30. Anayetaka kumaliza vakansi yote kule aende kwenye biro ya uhamiaji ya muji alipo wiki moja mbele ya siku kwisha. Anayeomba mbele ni mgeni mwenye adabu. Anayeomba kisha siku kupita amekwisha kuvunja sheria ya Zambia ya uhamiaji ya mwaka 2010, na anaweza kulipishwa, kufungwa ao kufukuzwa. Mtoto akigonjwa, enda vilevile mbele ya tarehe, na barua ya hospitali mkononi.

Tena, usipange kutoka siku ya mwisho kabisa. Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa, pamoja na Mokambo na Sakania, kwa siku chache, juu ya mabishano ya biashara ya bia na vinywaji vingine. Ilikuwa katikati ya vakansi. Acha siku tano za akiba.

Wale wanaoenda mbali zaidi, kanuni ni ileile, bei ndiyo inapanda. Wamama wanaofuata bidhaa Dubai wajue kwamba kupitisha viza kule kunalipwa dirham 50 kila siku. Siku 20 ni dirham 1,000, karibu dola 270: likelemba yote inaishia kwenye dirisha la uwanja wa ndege. Kwa nchi za Ulaya za Schengen, mwisho ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kutoka nchi moja kuenda ingine ndani ya Schengen hakuanzishi hesabu mupya.

Kuna jambo moja zito. Mwanamke ambaye siku zake zimepita anaogopa polisi, anaogopa hospitali, na mtu mubaya akijua hivyo anaweza kumfanyisha kazi bila mushahara. Pasipoti yako ikae kwako, si kwa bwana wa kazi, si kwa shemeji. Na kama siku zimepita tayari, usijifiche. Enda uhamiaji mwenyewe pamoja na ndugu. Kila siku unayongoja inaongeza deni.

Mbele ya safari, kila mama afanye haya: aangalie kama pasipoti inabakia na miezi sita, kila mtoto awe na pasipoti yake, na ruhusa ya baba yake kama baba habaki nao njiani, aandike kwenye kaye tarehe ya kuingia, siku alizopewa na tarehe ya kutoka, apige picha ya muhuri na kuitumia mtu mmoja wa nyumbani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zambia inatupatia 30. Tuzihesabu vizuri, ili mwaka kesho mlango uwe wazi tena, na watoto wawe darasani siku ya kwanza ya Septemba.