Siku Tatu Karibu na Nyunzu

Mtu anayetaka kusafiri kwa gari la moshi toka Lubumbashi mpaka Kalemie, na achukue chakula, blanketi na maneno mengi. Chakula tulikuwa nacho, na Bukama tukaongeza samaki wakavu. Blanketi pia. Maneno ndiyo tuliyoyasahau, kwa maana sisi ndugu watatu wa tumbo moja tulikuwa na simu zetu za mkononi, tukafikiri zinatosha.

Safari yenyewe haikuwa ya raha. Tulipata habari kwamba mama yetu ni mgonjwa huko Kalemie, tukafunga mizigo siku ile ile. Njia ni ndefu: Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, halafu kaskazini mpaka Kabalo penye mto Lualaba, halafu mashariki kuelekea ziwa Tanganika. Reli ya Kabalo mpaka ziwani ilimalizika mwaka 1915, lakini ile ya Kamina mpaka Kabalo ilingoja mwaka 1956. Kabla ya hapo wazee wetu walishuka Bukama wakapanda mashua ya moshi. Kumbe wao walijua kungoja kuliko sisi.

Tulipokwisha kupita Nyunzu, kichwa cha gari kikafa, katikati ya majani marefu. Tukaambiwa: kesho. Kesho yake tukaambiwa vile vile. Simu zetu zilizimika usiku wa kwanza. Ya mdogo wetu ilitangulia, kwa kuwa aliiimbisha tangu Kamina.

Mchana ule tulinuna tu. Upande wa nyuma watu walicheza karata kwa franka. Mchezo huo hatuupendi, tuseme wazi. Kijana mmoja aliyepeleka nguo za kuuza alipoteza fedha zake zote kabla ya jua kufika utosini, akakaa akitazama mikono yake kana kwamba si yake. Waliomshinda walimnunulia mihogo, lakini fedha hawakurudisha.

Mzee mmoja alishuka chini na kuchimba vishimo kando ya reli, safu nne, akaokota vijiwe vya njia kuwa mbegu. Ndio kisolo, mchezo wa Waluba. Unatwaa mbegu za shimo moja, unazipanda moja moja kwa kuzunguka, na ukihesabu vema unazila za mwenzako. Yaya wetu ni fundi wa hesabu, kazi yake ni hiyo. Mzee akamshinda mara tatu, huku akizungumza na watu wengine. Waliotazama walipiga kelele kuliko waliocheza. Jua likatua, wala hatukuliona.

Usiku, gizani, mtoto wa miaka kama tisa aliyesafiri na bibi yake akaita: «Kitendawili!» Behewa zima likajibu: «Tega!»

«Ndugu wawili wamelala pamoja tangu zamani za babu. Kila mgeni huwakanyaga, wala hawajagusana hata siku moja.»

Tukasema kingo za mto. Tukasema masikio. Hapana, hapana.

«Basi nipeni mji.»

Tukampa Kigoma, akakataa, eti ni ng'ambo na yeye hana mashua. Tukampa Kamina, akasema amekwisha kuupita. Yaya akasema: «Twaa Kalemie.»

Mtoto akaupokea. «Nimekwenda Kalemie, nimekula ndakala na mikebuka, nimeshiba. Nimemkuta mama mzee amekaa mlangoni. Akaniuliza: Wenzako wako wapi?»

Watu wote wakacheka, na sisi tukacheka, halafu tukanyamaza. Mtoto hakujua lolote juu yetu. Dada yetu akanong'ona: «Yaya, tunacheza, na mama je?» Hatukuwa na jibu. Ni kweli kwamba kulia kusingesukuma gari, lakini neno hilo halikututuliza. Bibi yake yule mtoto, nadhani alisikia, akampa dada kipande cha muhogo, akamwambia: «Mama, tega wewe.» Dada akatega. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni tu.

Jibu la mtoto? Reli. Tulikuwa tumekaa juu yake siku mbili.

Siku ya tatu kichwa kingine kikaja kutoka Kalemie, na usiku tukafika. Mama alikuwa hai, amekonda sana, hawezi kukaa bila kushikwa. Akauliza tulichelewa wapi. Tukamweleza, na kwa kuwa hatukujua la kuongeza, tukamtegea kile kitendawili. Akafumba macho. Tukadhani amelala.

«Si ile iliyowachelewesha?» akasema.

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, dada akampa maji. Halafu akasema tumtegee kingine.