Funguo Mbili

Nilipouza Subaru yangu niliandika kwenye tangazo yale ambayo mnunuzi wa gari la mkononi hupenda kuyasoma: gari safi, kadi ipo, funguo mbili. Gari lilikuwa safi. Kadi ilikuwepo. Funguo zilikuwa mbili na zote ziliwasha injini. Hakuna neno la uongo hapo, na bado nilimdanganya mtu, kwa sababu gari lile lilikuwa limefikia hatua ambayo hata ufunguo wa tatu, aliouchongesha mwizi, ungeliwasha.

Lilikuwa Impreza WRX ya 2005 kutoka Japani, injini ya lita 2 yenye tabo, nguvu za farasi 250 kwa hesabu ya kiwandani, gia tano za mkono. Kwa akili timamu, mtu wa umri wangu mwenye watoto wanaodaiwa ada alipaswa kununua IST akatulia. Lakini mimi ni wa rika lililoilewa Safari Rally. Colin McRae aliishinda 1997 akiwa kwenye Impreza, Richard Burns naye akaishinda 2000 kwenye Impreza, na sisi huku upande wa pili wa mpaka tukashangilia kana kwamba kombe limekuja Tanzania. Ugonjwa ule haukunitoka. Nilipoona WRX ya rangi ya fedha inauzwa, bei imeteremka kuliko nyingine, sikuuliza kwa nini imeteremka.

Sababu ya kwanza nilikabidhiwa mkononi: ufunguo mmoja tu. Muuzaji akasema magari ya mnada huko Japani huja hivyo, na ni kweli mengi huja hivyo. Sababu ya pili niliikuta barabarani, nitaifikia.

Ukiwa na ufunguo mmoja unaishi roho juu. Kila nikivuka na pantoni kwenda Kigamboni mkono hauachi mfuko. Nikaenda Kariakoo kwa wachonga funguo wa pembeni mwa barabara. Kijana akabana ufunguo wangu upande mmoja wa mashine, akabana chuma kitupu upande wa pili, gurudumu likalia, vumbi la shaba likamwagika mezani. Akaupitisha tupa, akaufuta kwenye suruali, akanipa. Mlango ukafunguka. Swichi ikazunguka. Injini ikawaka, nikaanza kutabasamu, ikazima. Nikarudia, ikanguruma sekunde chache, ikazima tena, na kataa kadogo kwenye dashibodi kakawa kananipepesea.

"Gari lako lina chipu, bosi," akasema yule kijana, kana kwamba nilimficha.

Ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo kuliko ukucha. Haina betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huipa umeme kidogo, chipu hujibu kwa namba yake, na kontroli boksi ikiitambua namba huiacha injini iendelee. Isipoitambua, inakata. Hiyo ndiyo imobilaiza. Rimoti ya kufungulia milango ni kazi nyingine kabisa, ina betri yake na namba zake. Wengi tunadhani ukishasajili rimoti umesajili na ufunguo, kumbe rimoti inaweza kufa na gari likawaka, au ikawa nzima na gari likagoma.

Dawa yake inajulikana. Unanunua ufunguo wenye chipu, unachongwa, kisha mtu mwenye mashine yake anakuja kuiandikisha chipu kwenye gari. Ukiwa bado na ufunguo mmoja unaofanya kazi, shughuli ni nyepesi. Ukisubiri hadi upoteze wote, bei inapanda na usumbufu unapanda nayo. Kijana wa Kariakoo alinipa namba ya mtaalamu, nikapiga, nikatajiwa bei, nikaiona kubwa. Fundi mwingine aliyekuwa akisikiliza pembeni akasema ipo njia ya mkato.

Alipasua kichwa cha ufunguo wangu wa asili kwa wembe, akatoa chipu, akaivua plastiki ya chini ya usukani na kuibandika chipu pale pale penye koili kwa tepu nyeusi ya umeme. Akarudishia plastiki. Basi. Tangu siku ile kila aliyezungusha swichi, kwa ufunguo wowote wenye umbo lile, alijibiwa ndiyo. Nikamlipa pesa ya soda, nikaondoka na funguo mbili najiona mtoto wa mjini. Ulinzi ambao watu wa Subaru walikaa wakaufikiria, mimi niliuzima kwa kipande cha tepu, na nikalipa ili nizimiwe.

Sasa barabarani.

Gari lilikuwa na tabia. Barabara ya Bagamoyo, ukishavuka 90, pua ilihama huku na huku bila kuamriwa. Ukikanyaga breki lilivuta kushoto. Likiangukia penye bonde usukani ulijigeuza mkononi, na ukitaka kuegesha, usukani umekatwa hadi mwisho, lilisita na kurukaruka utadhani umesahau breki ya mkono. Niliwaambia abiria wangu kwamba gari la michezo ndivyo lilivyo, linataka dereva. Mke wangu aliyasikiliza maelezo hayo mara moja tu, kisha akawa anapanda mwendokasi.

Nilishapeleka gari kupigwa alaimenti ya mbele zaidi ya gereji moja, na kila mara nikirudi nikiwatukana mafundi moyoni. Aliyenivua majivuno ni mzee mmoja wa Ilala, ambaye hata boneti hakuifungua. Alilipandisha gari juu ya stendi, akachukua uzi wa waashi, akauzungushia tairi la mbele katikati ya uso wake, akaukata pale ulipokutana. Akafanya hivyo kwa tairi la nyuma. Kisha akazilaza nyuzi mbili sakafuni, ncha kwa ncha, akaniita. Uzi mmoja ulimzidi mwenzake kwa upana wa vidole viwili, kama sentimita 3.

Makosa yalikuwa yangu. Nilikuwa nimenunua tairi mbili mpya nikaziweka mbele, nyuma nikaacha zile zilizokwisha meno. Kwenye IST ningepita salama. WRX inasukumwa na magurudumu yote manne, na ya gia za mkono ina difu ya katikati yenye kifaa cha sahani nyingi zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikipishana kasi kwa muda mfupi, kwenye utelezi tuseme, mafuta yale hulazimisha sahani zifuatane, na gari linajikwamua. Ila zikipishana muda wote, mafuta hayapumziki; yanapata moto, difu inashika hata pasipo na utelezi wowote. Kwa nyuzi za mzee, tairi la nyuma lilizunguka karibu mara 8 zaidi ya la mbele katika kila kilomita. Toka Dar hadi Morogoro ni mara 1,500 na ushee. Subaru wenyewe huelekeza kwamba mizunguko ya tairi isitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi, ambayo ni tofauti ya milimita 1 tu kwenye urefu wa meno. Kule kurukaruka wakati wa kuegesha kulikuwa difu inalia.

Mzee akainama tena, akagonga kitu juu ya shokapu kwa bisibisi. Spesa. Vipande vya aluminiamu, mbele na nyuma, alivyoviweka mwenye gari wa zamani ili lisikwaruzwe na matuta.

"Umelivalisha viatu vya mchuchumio," akaniambia, "halafu unataka likimbie."

Ukilinyanyua gari hivyo, tairodi zinaacha kulala na kuanza kuinamia chini, kwa hiyo kila gurudumu linapopanda na kushuka linavutwa na kusukumwa kidogo upande. Ndiyo maana usukani ulikuwa ukijigeuza penye mabonde. Hafshafti nazo hukaa kwenye pembe kali kuliko zilivyokusudiwa. Buti la mpira la upande wa kulia lilikwisha kupasuka na kurusha grisi ndani ya rimu. Magari ya Safari nayo yalikaa juu, lakini kwa shokapu na springi zilizoundwa kwa kazi hiyo, si kwa kuchomekewa vipande.

Tukatoa spesa, nikanunua tairi nne za aina moja, saizi ileile ya 215/45 rimu 17. Pini za kalipa ya mbele zilikuwa zimekauka, zikapakwa grisi, na gari likaacha kuvuta kushoto. Alaimenti ilipigwa magurudumu yote manne, maana ya nyuma nayo kwenye gari hili hurekebishwa. Niliposhuka nalo tena Bagamoyo lilinyooka kiasi kwamba niliogopa, nikadhani kuna kitu hakigusi.

Mzee alipokuwa akifunga kazi aliona ncha ya tepu nyeusi imeshuka chini ya usukani. Akauliza ni nini. Nikamjibu ni waya wa rimoti. Hakuuliza tena, na mimi nikaisukuma ndani kwa kidole.

Ada zilipobana nikaamua kuliuza. Mnunuzi alikuwa kijana mwalimu wa sekondari, mpole, mwenye ugonjwa uleule wa rali. Nilimweleza tairi, nilimweleza spesa, nikamtolea risiti, nikamlaza chini ya gari aone buti jipya la hafshafti. Nilizungumza hadi chai ikapoa. Kisha nikamkabidhi funguo mbili. Aliuliza swali moja: "Imobilaiza ipo, kaka?"

"Ipo," nikasema, "ya kiwandani."

Nimejihoji mara nyingi kwa nini lile la barabarani nililimwaga lote na hili nikalimeza. Pesa si jibu lote; kurekebisha funguo kungegharimu chini ya bei ya tairi mbili. Nadhani ni kwamba habari za tairi zilikuwa hadithi ya mtu aliyekosea akajirekebisha, na hadithi hiyo inanipendeza. Ya chipu ilikuwa hadithi ya mtu aliyejiona mjanja na akabaki hivyohivyo. Niliona aibu kuonekana mjinga mbele ya mtu mdogo kwangu, na aibu hiyo ikawa nzito kuliko gari lake kuibiwa. Nikiisoma sentensi hiyo naichukia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akanipigia siku moja kwa furaha tu. Gari linaenda vizuri, amelikatia bima kubwa, na kwenye fomu amejaza kwamba lina imobilaiza. Analilaza nje, Sinza, kwa kuwa nyumba aliyopanga haina geti. "Wala sina wasiwasi, kaka."

Sikumwambia siku hiyo. Wala kesho yake. Usiku nilikuwa nikisikia honi ya gari lolote mtaani nawaza Sinza. Ningeweza kujifariji kwamba mwizi hajui, lakini nilikumbuka meza ya Kariakoo imezungukwa na watu wakati chipu inabandikwa, na kila mmoja aliona ni gari gani. Nilipompigia hatimaye nilianza kwa salamu ndefu za kipumbavu, za afya na za shule, hadi akaniuliza kama kuna msiba.

Nikamweleza. Akanyamaza. Nilitarajia atukane, ningeshukuru. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini: "Na tairi je? Na zile spesa? Nazo ni maneno tu?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Yote niliyomwambia kwa ukweli, risiti na nyuzi za mzee na kalipa, yaligeuka maneno ya mtu aliyesema "ipo ya kiwandani".

Tulikutana kwa yule mtaalamu ambaye bei yake niliikataa. Alivua plastiki, akabandua tepu. Gundi ilikuwa imeyeyuka kwa joto ikanata vidoleni. Chipu ya zamani akaitia ndani ya kichwa kipya cha ufunguo, akaleta ufunguo wa pili wenye chipu mpya, akaunganisha mashine, akafuta kumbukumbu na kuandikisha hizo mbili peke yake. Kisha tukajaribu kopi yangu ya Kariakoo: injini ikawaka, ikazima, taa ikapepesa. Silinda za milango hatukubadilisha, kwa hiyo kopi ile bado inafungua mlango. Nikamkabidhi kijana aitunze au aitupe. Nililipa kazi yote. Kijana alishukuru kwa adabu, ila neno kaka halikurudi. Tangu siku hiyo mimi ni bosi.

Kutoka pale alilipeleka gari kwenye gereji aliyoichagua mwenyewe, wapime tairi, alaimenti, hafshafti na breki upya, wasimsikilize mtu. Kila kitu kilikutwa sawa na nilivyosema. Alinitumia picha ya risiti bila maneno, na chini yake alikuwa ameongeza kwa kalamu gharama ya mafuta ya kwenda na kurudi. Nikatuma vyote kwa simu, na ya kutolea.