Mahali Yanaporudi Macho Yangu

Watu wanaokuja kwangu kupigwa picha hupenda kuniuliza: "Wewe uliyezunguka na kamera miaka mingi, ni mahali gani ulipopapenda kupita pote?" Zamani nilijibu upesi ili kazi iendelee. Siku hizi nakawia kujibu, maana mahali pengine ninapopapenda sina tena picha yake, na kosa ni langu mwenyewe. Yafaa niwasimulie tangu mwanzo.

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na tangu mwaka 1991 nakaa Liège, katika nchi ya Ubelgiji, ambako napiga picha za arusi, za ubatizo na za pasi. Kazi hii nilifundishwa na baba. Yeye alikuwa na chumba kidogo cha picha huko Kadutu, nacho kilikuwa na pazia lililochorwa ziwa na mashua. Maana watu wa Bukavu, ambao ziwa lenyewe liko chini ya miguu yao, walitaka kupigwa picha mbele ya ziwa la rangi. Baba hakuwacheka. Alisema kwamba ziwa la kweli halikai kimya mtu anapotaka kupendeza.

Asiyeujua mji wetu na atandaze vidole vyake juu ya meza. Vidole ndizo zile rasi tano zinazoingia katika ziwa Kivu, na nafasi zilizo katikati ya vidole ndiyo maji. Ziwa liko juu, karibu meta 1460 kupita bahari, kwa hiyo asubuhi kuna baridi, na ukungu hulala juu ya maji mpaka jua litokee nyuma ya milima ya Rwanda. Kwa upande wa pili umesimama mlima Kahuzi, wenye meta 3308. Wageni wengi hufika wakati wa kiangazi, hutafuta Kahuzi kwa kamera zao, nao hawauoni, kwa kuwa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vimeuficha. Baba alinifundisha kungoja. "Ngoja mvua za mwezi wa tisa," alisema. "Mvua ikinyesha usiku kucha, amka kabla ya jua." Nami niliamka, nikaukuta mlima umesimama wazi, kila bonde lake laonekana, kana kwamba usiku ule umesogea karibu na nyumba zetu.

Mahali pengine ni ufukoni, pale wavuvi wanaporudi. Wao hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa usiku ili kuwavuta sambaza, na alfajiri hurudi wakipiga kasia kwa wimbo mmoja. (Samaki hao wadogo si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Vijana wengi hudhani wamekuwapo tangu kuumbwa kwa ziwa.) Ziko dakika chache tu ambapo mwanga wa taa na mwanga wa mapambazuko huwa na nguvu sawasawa. Ukizipata dakika hizo, kila uso ndani ya mtumbwi una rangi mbili. Ukichelewa, una picha ya taa zilizozimwa.

Penye daraja la mto Ruzizi sina picha hata moja. Mpaka haupigwi picha. Nilipokuwa kijana askari mmoja alininyang'anya filimu mahali pale, nami nilistahili, kwa kuwa baba alikuwa amenionya.

Nilipofika Liège sikupenda kitu. Mwezi wa kumi na mbili jua huchwa huko saa kumi na nusu ya jioni, nami nilikuwa natoka kazini gizani na kuingia kazini gizani. Miaka miwili kamera ilikaa kabatini. Kisha Jumapili moja nikaishia, bila kukusudia, chini ya ngazi wanayoiita Montagne de Bueren. Ina vidato 374, nayo hupanda wima katikati ya nyumba za watu mpaka juu ya kilima. Nilimwona mama mzee akiipanda na mfuko wa viazi. Alisimama, akapumua, akaweka mkono kiunoni, akapanda tena. Hivyo ndivyo mama yangu alivyopanda kutoka sokoni Kadutu, hata kule kuweka mkono kiunoni. Nikarudi nyumbani kuchukua kamera. Tangu siku ile nimeipiga picha ngazi hiyo kila mwaka, wakati wa theluji na wakati wa maua, na pia mwezi wa sita, ambapo mwanga hukaa mpaka karibu saa nne za usiku. Ukisimama juu wauona mto Meuse na mji wote. Na siku ya Jumapili wawaona watu wadogo kama siafu katika soko la La Batte, ukingoni mwa mto.

Bahari ya Ostende niliiendea mara nyingi, lakini sijaifahamu bado. Ni ya kijivu, na haina milima ya kuishika.

Tervuren, karibu na Brussels, ni habari nyingine. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongo 267 kwa maonyesho, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watu waje kuwatazama. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la pale. Nilikwenda na kamera mbili na filimu za kutosha. Nikasoma majina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Nikakaa karibu saa nzima, nikaondoka bila kupiga picha. Rafiki zangu wapiga picha walinilaumu. Labda walikuwa na haki. Lakini niliona kwamba watu wale walikwisha kutazamwa vya kutosha.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Baba alifariki mwaka 1995. Aliacha sanduku la bati lililojaa filimu zilizosafishwa, kazi ya zaidi ya miaka thelathini: arusi, wanafunzi, wavuvi, Kahuzi ya mwezi wa tisa. Ndani yake ilikuwamo pia picha ya kwanza niliyoipiga mimi nikiwa mtoto: baba akicheka mbele ya ziwa lake la rangi. Hiyo ilikuwa picha yake ya pekee, maana aliyepiga picha watu wote hakupigwa na mtu.

Vita vilifika Bukavu mwaka 1996, kisha tena mwaka 1998. Nikampigia simu mama kutoka Liège, nikataka sanduku lihamishwe Goma, kwa mdogo wangu aliyekuwa na nyumba imara. Mama alikataa: "Mwanangu, sanduku hili limezoea nyumba hii." Nikashikilia neno langu, kama mtoto mkubwa anayetuma fedha. Likapakiwa katika mashua, likavuka ziwa.

Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mto wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani, ukaunguza hata kanisa kuu. Mdogo wangu alibeba watoto wake wawili, akaacha sanduku. Alitenda vema, nami nimemwambia hivyo mara nyingi. Mama hakunilaumu. Nyumba ya Bukavu haikuguswa.

Mwaka 2004 nilipata ruhusa kazini nikaenda Bukavu. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikiuliza ni nani aliyepigwa picha na baba. Watu walizitoa chini ya magodoro, ndani ya vitabu vya sala, nyuma ya vioo. Muhuri wa baba ulikuwa nyuma ya kila moja. Nilizipiga upya 212. Mwezi wa pili 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, nakala zilikuwa Liège, Kinshasa na Nairobi. Safari hii sikumwambia mtu ahamishe sanduku.

Katika picha zile 212 baba hayumo. Lakini moja ni ya bibi arusi, iliyopigwa jioni kwenye majani karibu na ziwa, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha. Mbele ya miguu ya bibi arusi pana kivuli cha mtu mwenye kofia, viwiko vimeinuliwa. Mpiga picha mzuri haruhusu kivuli chake kuingia. Nilimwonyesha mama. Aliweka kidole juu ya kivuli, akasema: "Huyu hapa."

Aliitia katika kioo, akaiweka juu ya kabati. Bibi arusi yule, ambaye sasa ana wajukuu, alipokuja kumwamkia mama, alishangaa sana kuona arusi yake katika nyumba ya watu.