Nguruwe Dume Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mtu atokaye Pumwani akafuata Barabara ya Jogoo, iliyoitwa zamani Doonholm, hupita Kaloleni na Maringo, mitaa iliyojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji. Pumwani ni makao ya Waislamu wengi tangu miaka ya 1920, na huko haifai kutafuta nguruwe. Lakini akizidi kwenda mashariki, hata Dandora, Njiru na Ruai, ataona mabanda ya mabati na mbao nyuma ya nyumba, na ndani yake nguruwe jike wawili au watatu.

Wafugaji wengi wa namna hii hawana dume wao wenyewe, nao si wa kulaumiwa, kwa kuwa dume mmoja mzima huwatosha majike 15 hata 20. Basi huazima au hukodi. Hapo ndipo hasara huingia. Maana jike asiyeshika mimba hurudi katika joto baada ya siku 21, na chakula alichokula siku hizo zote kimepotea.

Kwanza, auliziwe umri. Dume huanza kutamani majike akiwa na miezi 6 hivi, lakini yafaa angojewe afikishe miezi 8. Tangu hapo mpaka mwaka mmoja, apande mara moja au mbili tu kwa wiki. Akitumiwa kila siku, mbegu zake huwa chache. Akipita miaka 3 au 4, mara nyingi huwa mzito mno kwa majike wadogo, na miguu yake hudhoofika.

Pili, atazamwe mwili. Dume mnene si dume bora, kwani huwa mvivu. Aliyekonda naye hukosa nguvu na hamu. Kilo 2 au 3 za chakula kizuri kwa siku, chenye mahindi, pumba, na soya au dagaa, pamoja na chumvi za madini na maji safi, zinamtosha aliye mzima.

Tatu, joto. Mabati yaliyo chini chini huchoma sana mwezi wa Februari. Mbegu za dume huchukua wiki 6 hivi kutengenezwa na kukomaa; kwa hiyo dume aliyepatwa na joto kali au homa leo aweza kushindwa kutungisha mimba wiki kadhaa baadaye, na watu wakamsingizia jike. Kivuli na maji ya kumnyunyizia ni dawa rahisi.

La mwisho ndilo kubwa. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo R. E. Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na nguruwe wa Kenya hii hii, haina dawa. Huenea kwa nguruwe kugusana, na kwa makombo yenye nyama ya nguruwe. Dume apelekwaye banda hadi banda, au aachwaye azurure katika jaa la Dandora, aweza kuwamaliza nguruwe wa mtaa mzima. Makombo ya hoteli yasipewe nguruwe kabla ya kuchemshwa kwa saa nzima huku yakikorogwa.

Basi, kabla ya kulipa ada ya dume, mfugaji na aende kwanza kulitazama banda alikotoka.