Baltimore Machoni pa Arusha

Mpenzi wa ushairi ana haki ya kustaajabu akiombwa aiweke kando diwani yake, aketi mbele ya televisheni kwa saa zipatazo 60, atazame polisi na wauza unga wa mji asiopata kuukanyaga. Ombi lenyewe ni hilo hasa. Tamthilia inayoombewa saa hizo huitwa "The Wire", yaani waya, kwa maana ya waya wa simu ambao polisi huutegea sikio ili wayajue mazungumzo ya wauzaji. Ilionyeshwa na kampuni ya HBO ya Marekani kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008, misimu mitano yenye sehemu 60. Walioibuni hawakuwa watu wa kubahatisha. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu katika gazeti la Baltimore Sun; mwenzake, Ed Burns, alikuwa askari wa upelelezi katika mji huo huo, kisha akawa mwalimu wa shule. Kabla mji haujapigwa picha, watu hawa walikuwa wamekwisha kuutembea mlango kwa mlango.

Msomaji wa visiwani amelelewa na Bwana Msa. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotoa "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, hadithi ya upelelezi ya Kiswahili imekuwa na ahadi yake: kuna fumbo, kuna mtu mwenye akili na kiko chake mdomoni, na mwishowe fumbo hufumbuliwa na msomaji akalala usingizi wake. Ni ahadi njema, na hapana sababu ya kuibeza. "The Wire" haiitoi. Muuaji hujulikana mapema, mara nyingi mtazamaji akiwa amekwisha kumjua na polisi bado. Linaloulizwa ni jambo jingine: kwa nini, baada ya muuzaji kukamatwa na kufungwa, kona ile ile ya mtaa hupata muuzaji mwingine asubuhi ya pili, na aghalabu ni mdogo kwa umri kuliko yule wa kwanza?

Hapo ndipo mpenzi wa ushairi anapoanza kuona kwamba hakuja ugenini. Utenzi wa jadi, wa mizani minane, hubadilisha vina vya mishororo mitatu katika kila ubeti, lakini kina cha mshororo wa nne hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati. Msikilizaji hutangatanga na vita, mapenzi na mauti, na kila baada ya hatua tatu hurudishwa pale pale. Tamthilia hii imejengwa hivyo. Msimu wa kwanza ni wa nyumba za maskini na biashara ya unga. Wa pili ni wa bandari na makuli wanaokosa kazi. Wa tatu ni wa wanasiasa. Wa nne ni wa shule. Wa tano ni wa chumba cha habari cha gazeti. Vina hubadilika. Lakini kila mara mtu mwema anayejaribu kufanya kazi yake sawasawa hukuta mkubwa wake anataka takwimu na si kazi, na huo ndio mshororo wa nne. (Kiswahili kina neno "kituo" kwa mshororo wa mwisho wa ubeti na kwa mahali pa polisi. Huenda lugha ilikuwa na jambo ililotaka kulisema.)

Yote hayo yana faida gani kwa mtu asiye na habari na Baltimore? Jibu lilipatikana chini ya Mlima Meru, kwa mwalimu mmoja wa hesabu wa shule ya sekondari mjini Arusha, aliyeazimwa diski za tamthilia hiyo na mwalimu mwenziwe, akawa anazitazama usiku baada ya kusahihisha madaftari. Mwalimu huyu si mtu wa filamu. Alivutwa na tukio moja dogo la msimu wa kwanza. Kijana aitwaye Wallace, mwenye umri wa miaka kama 16, muuza unga wa daraja la chini kabisa, analala katika nyumba mbovu pamoja na kundi la watoto wasio na wazazi. Asubuhi huwaamsha, huwapa kila mmoja kinywaji na pakiti ya vibanzi, na huwahimiza kwenda shule. Siku moja anamsaidia mmoja wao hesabu ya kitabuni, hesabu ya abiria wanaopanda na kushuka basi, na mtoto anashindwa. Wallace anaigeuza hesabu ile ile iwe ya vichupa vya dawa, vilivyouzwa na vilivyobaki, na mtoto anajibu papo hapo bila kukosea. Anapoulizwa imekuwaje, anaeleza kwamba hesabu hii ya pili ukiikosea utapigwa.

Mwalimu alisimamisha picha hapo. Alikuwa amemkumbuka mwanafunzi wake wa kidato cha pili, mtoto wa Unga Limited, aliyekuwa akipata alama 20 katika mitihani na aliyetoroka shule kabla ya mwaka kwisha. Baadaye alimwona standi akipiga debe, kisha akifanya ukondakta wa kifodi, akikusanya nauli za watu 18 walioshuka vituo mbalimbali na kurudisha chenji za wote bila karatasi wala kalamu. Miezi michache baada ya hapo hakuonekana tena, na waliokuwa wakifanya naye kazi walijibu kwa kutazama pembeni. Wallace, kwa asiyejua, huuawa kabla msimu wa kwanza haujaisha, na wanaomuua ni rafiki zake wawili waliokula naye sahani moja.

Jina la mtaa huo lisimpoteze mgeni. Unga Limited uliitwa hivyo kwa ajili ya kinu cha kusagia nafaka, siku ambazo neno unga lilimaanisha sembe na ngano tu. Kwamba neno hilo hilo sasa ndilo jina la heroini kuanzia Arusha hadi Unguja ni mzaha mchungu wa lugha, na wakazi wa mtaa wenyewe, ambao wengi ni wafanyakazi na wachuuzi wenye kuamka alfajiri, wana haki ya kuuchukia.

Msimu wa nne ndio uliomkamata mwalimu yule barabara. Askari aliyeshindwa kazi ya polisi, jina lake Pryzbylewski, anaajiriwa kufundisha hesabu katika shule ya mtaa maskini. Anaanza kwa kushindwa, kama wote, kisha anagundua kwamba wanafunzi wake wanajua kete, akawafundisha kwa kete uwezekano wa jambo kutokea. Wanaanza kupenda. Ndipo linapokuja agizo: wiki zinazobaki ni za kufanyia mazoezi ya mtihani wa serikali, maana shule itapimwa kwa matokeo hayo. Mara moja anatambua kwamba ameyaona hayo hapo awali, alipokuwa polisi, ambako unyang'anyi uliandikwa kwa jina jepesi ili jedwali la mwezi lipendeze.

Kwa mwalimu wa Tanzania hilo halihitaji mkalimani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, na Serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Waliofaulu waliongezeka. Wanafunzi walikuwa ni wale wale na majibu yao yale yale. Miaka kumi baadaye, Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora, likieleza kwamba haina tija. Mtu aliyetazama msimu wa nne huzisoma habari hizo mbili kwa jicho jingine. Haoni mwovu mmoja wa kumnyoshea kidole. Anaona namna ambavyo kipimo, kikishafanywa lengo, huacha kupima, na namna ambavyo watu wasio wabaya hukitumikia kwa sababu kila mmoja ana mkubwa wake.

Ubora wa pili wa tamthilia ni kwamba haikubali kubaki mtaani. Mpelelezi mtaratibu aitwaye Lester Freamon huwaambia wenzake kwamba ukifuata dawa utawapata walevi na wauzaji, bali ukifuata fedha hujui utamfikia nani. Basi waya unapanda: kutoka kwa kijana wa kona hadi kwa mwenye ghala, kwa mwenye viwanja, kwa wakili, hadi kwa mwanasiasa anayehitaji mchango wa kampeni. Kila unapopanda ngazi moja, hamu ya wakubwa wa polisi ya kuendelea kusikiliza hupungua.

Arusha yenyewe inaelezeka kwa ngazi, maana imelala miguuni pa mlima. Huko Kisimiri Juu, wilayani Arumeru, kwenye miteremko ya Meru, kumekuwa na mashamba ya bangi kwa miaka mingi, na mara kadhaa, 2023 ikiwa mojawapo, maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wamepanda huko kuyafyeka na kuyachoma. Picha za moto huo hupendeza magazetini. Aliyetazama "The Wire" hatosheki na picha. Atauliza maswali ya chini na ya juu: mkulima yule, mwenye udongo mzuri kama ule, kahawa au maharage yangemlipa kiasi gani, na ni barabara ipi ingelifika kuyachukua? Gunia likishateremka, ni nani mwenye gari, na ni nani mwenye kumpungia mkono mwenye gari apite? Si maswali ya uchochezi. Ni maswali ya Freamon, na hata mtu mwenye kuipenda serikali yake anaweza kuyauliza.

Isitoshe, Arusha ina sababu yake ya kuijua kazi ya kupanda ngazi. Kuanzia mwaka 1995 hadi Desemba 2015, katika jengo la mikutano la kimataifa mjini humo, Mahakama ya Umoja wa Mataifa ilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Walioketi kizimbani hawakuwa hasa wale walioshika mapanga. Walikuwa mameya, mawaziri, wafanyabiashara, maofisa wa jeshi na waandishi wa habari. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alikiri makosa na mwaka 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ukubwa wa jinai ile haulinganishwi na chochote cha Baltimore, na ingekuwa kufuru kuvilinganisha. Kinachofanana ni subira: ushahidi ukitiririka kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza, siku nzima ikitumika kuthibitisha nani alimwambia nini nani, na mkutano gani ulifanyika lini. Mwenyeji wa Arusha aliyewahi kuketi pale akasikiliza kwa nusu siku hawezi kulalamika kwamba "The Wire" inakwenda polepole.

Maana lawama ya kwanza ndiyo hiyo: inakwenda polepole. Ni kweli. Haingefaa kwa kibanda cha video, ambako kina Lufufu walizitia filamu za kigeni Kiswahili chao kitamu na mtazamaji akalipwa kwa ngumi na risasi. Lawama ya pili ni nzito zaidi: matusi ni mengi, damu ipo, na si tamthilia ya kutazama pamoja na wakwe wala watoto. Kweli pia. Wanawake, wachache kando, hawakupewa nafasi waliyostahili. Lakini anayedai kwamba inafundisha uhalifu hajaitazama. Hapana tamthilia inayouondolea uhalifu fahari yake kama hii. Omar Little, jambazi hodari kuliko wote, mwenye kuogopwa mtaa mzima, anauawa dukani na mtoto mdogo akiwa ananunua sigara, na maiti yake katika chumba cha maiti inakaribia kuwekewa jina la mtu mwingine.

Mtu wa Unguja atakayeitazama pengine atamfuata zaidi Bubbles, mla unga mwenye kigari chake cha kuuzia fulana, ambaye njia yake ya kuacha inachukua misimu yote mitano, pamoja na kuanguka kwingi. Visiwani zimekuwapo nyumba za waliokuwa watumiaji tangu mwaka 2009, na waliopita humo watayatambua mengi: ile aibu, ile ngazi ya jikoni kwa dada mtu, ambaye hamruhusu apande hadi amwamini.

Filamu iliyoitangaza Arusha ulimwenguni ni "Hatari!" ya mwaka 1962, ya Howard Hawks, John Wayne akiwa mbele, iliyopigwa huko Momella na nyika za jirani. Mlima umo, vifaru wamo, twiga wamo. Mji haumo, isipokuwa kwa mzaha wa tembo wanaokimbia barabarani. Hadi leo kamera nyingi zinazotua Arusha hupita Mnara wa Saa bila kusimama, zikielekea mbugani. Nairobi imeanza kujitazama: "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, kisha "Crime and Justice" ya mwaka 2021, ambayo ni ya polisi hasa, ingawa kila sehemu yake hufunga kesi yake upesi mno. Arusha, yenye mahakama, vito, watalii, vifodi na mlima, bado inamsubiri mtu atakayeketi Ngarenaro miaka kadhaa kabla ya kuwasha kamera, kama Burns na Simon walivyoketi kwao.

Anayetaka kuanza aanze na msimu wa kwanza, wala asirukie wa nne kwa kuwa umesifiwa hapa. Sehemu tatu za mwanzo ni ngumu. Majina ni mengi na hakuna anayesimama kumweleza mgeni. Inasaidia kuyaandika majina pembeni, polisi upande mmoja na wauzaji upande wa pili, na kuacha nafasi katikati, kwa kuwa kufikia sehemu ya sita wapo watakaohamia huko.