Sahihi Yangu Kwenye Rejista

Kwa karibu mwaka mzima nilitia sahihi rejista ya mahudhurio nikijua kuwa ni ya uongo. Nilikuwa mhariri msimamizi wa zamu ya jioni katika gazeti moja la kila siku, ofisi zetu zikiwa upande wa Kinondoni, Dar es Salaam. Rejista ilisema wasanifu kurasa na wasomaji prufu waliokuwa chini yangu wanafanya kazi siku 3 kwa wiki. Walikuwa wanafanya 5, na wiki nyingine 6. Hakuna aliyenishurutisha. Watu walipoteza haki yao kwa kalamu yangu, na najua wapo wahariri wenzangu ambao hata jioni ya leo watatia sahihi kama zile.

Mwanzo wake haukuwa mbaya. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa corona alipotangazwa kule Arusha, haikuchukua muda matangazo yakakauka. Hoteli zilisitisha, na waandaaji wa makongamano wakasitisha. Ligi Kuu ilisimamishwa, na gazeti la Kiswahili lisilo na mechi za Simba na Yanga halitoki mezani kwa muuzaji. Tulipunguza kurasa. Menejimenti ikatuita, ikasema hakuna atakayepunguzwa kazi, ila zitapungua saa: kila mmoja siku 3 kwa wiki, nusu mshahara, mpaka hali itakapotengemaa. Kenya nako vyombo vikubwa vya habari vilikuwa vinakata mishahara miezi hiyohiyo, basi sisi tukajiona tumenusurika. Mimi ndiye niliyesimama nikawaomba wenzangu wakubali. Kwa hilo sijilaumu. Aprili na Mei watu walifanya siku 3 kweli.

Juni ligi ikarudi. Julai akafariki Rais mstaafu Benjamin Mkapa, tukatoa kurasa za maombolezo siku kadhaa mfululizo. Zikaja kura za maoni ndani ya vyama, kisha kampeni kuanzia mwishoni mwa Agosti, hadi uchaguzi wa Oktoba 28. Kurasa zilirudi, na watu nikawarudisha mmoja mmoja kwa simu. Mshahara haukurudi. Nilipomuuliza ofisa utumishi nijaze nini kwenye rejista, alinijibu kwamba bajeti imepitishwa kwa siku 3, na nikijaza 5 kampuni itaingia kwenye ovataimu ambayo haiwezi kuilipa. "Ni kwa muda tu, mkuu," akaniambia. Nikajaza 3.

Sheria niliijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa, na hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki 4. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza yake ya asilimia 5 kwa kila saa. Gazeti la kila siku hutengenezwa hasa katika saa hizo. Kwa wenzangu hakukuwa na moja na nusu wala asilimia 5. Siku zote zilizozidi zile 3 zilikuwa kazi ya bure.

Kilichofanya nisisite ni kwamba na mimi nilikuwa nakesha. Niliingia saa 6 mchana na kuondoka baada ya kurasa za mwisho kwenda mtamboni, sikulipwa ziada, na nilijivunia. Sheria hiyohiyo haimpi meneja anayeripoti kwa uongozi wa juu ulinzi wa saa za kazi. Nikachukua hali yangu mimi, niliyekuwa na posho ya mafuta na gari, nikaifanya kipimo cha watu wasio na chochote kati ya hivyo. Aliyelalamika nilimwona hana moyo wa kazi, na aliyenyamaza nilimsifu kikaoni mbele ya wenzake. Hapo ndipo ninapoona uovu wangu ulipokuwa mkubwa zaidi, kwa sababu sifa zangu ziliwafunga watu midomo.

Katika punguzo la Aprili walikata pia gari la usiku. Zamani lilikuwa linashusha watu njia ya Tegeta hadi Bunju, na jingine linakwenda Temeke na Mbagala. Msanifu wangu mmoja, mama wa watoto wawili, alikuwa anakaa Chamazi, mbele kabisa ya Mbagala Rangi Tatu. Kurasa zikichelewa, daladala za kule hazipo, na bodaboda kutoka Kinondoni hadi Chamazi usiku ni nauli ya kumkausha mtu, tena kwa siku ambayo kwenye karatasi hakuja kazini. Aliunganisha viti viwili akalala ofisini, alfajiri akapanda daladala ya kwanza. Watoto waliamshwa na jirani kwenda shule. Mara moja aliniuliza, "Mkuu, hivi nikipata ajali njiani leo, ofisi itasema nilikuwa natoka wapi?" Nikamwambia asiseme maneno ya mkosi.

Machi 17, 2021, ilikuwa Jumatano, na jina la msanifu huyo halikuwa kwenye orodha ya siku ile. Kurasa zilikuwa zimekwisha kwenda. Usiku, karibu na saa 5, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatokea kwenye televisheni kulitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli. Tulisimamisha mtambo. Yule msanifu alikuwa bado yupo ofisini anasubiri usafiri wa kuungana na mwenzake. Akavua mkoba begani, akakaa, akauvunja ukurasa wa mbele na kuusuka upya, kisha kurasa za ndani. Gazeti la asubuhi ile lilinunuliwa na watu wengi mno. Kwenye rejista nikaacha nafasi yake tupu.

Mwishoni mwa Aprili kampuni ikapunguza wafanyakazi, naye akiwemo. Yeye na wenzake wawili wakaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai malimbikizo ya kazi ya ziada. Huko wakaambiwa kwamba madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanapaswa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo miezi ya kampeni na ya uchaguzi ilikuwa imekwishapita. Yakabaki madai ya miezi miwili ya mwisho, na usiku ule wa Machi ulikuwa ndani yake.

Niliitwa kuwa shahidi wa mwajiri. Nikaonyeshwa rejista, nikaulizwa kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Ikafika zamu ya yule msanifu kuniuliza, na hakuwa na wakili. "Mkuu, usiku wa msiba wa Rais mimi nilikuwa wapi?" Nikajibu kwamba kumbukumbu za ofisi ndizo hizo zilizopo mezani.

Mwandishi wa habari ana jina lake juu ya stori, akitaka kuthibitisha kwamba alikuwa kazini anafungua gazeti. Msanifu hana jina popote. Kazi ya mikono yake iliuzwa nchi nzima, na ushahidi pekee kwamba ni yake ulikuwa kinywani mwangu. Nikaufungia humo, kwa kuwa nilikuwa bado na ajira na niliogopa kuipoteza.

Dai lilitupwa. Malipo ya kuachishwa, ambayo kwa sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, yalipigwa kwa mshahara uliokatwa nusu. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nayo, asilimia 20 ya mshahara, ilikuwa imeingia nusu kwa miezi yote ile, na itaonekana tena atakapozeeka.

Nilikwenda Chamazi baada ya mimi pia kuondoka pale. Nilimweleza kila kitu, nikampa maelezo niliyoyaandika na kuyatia sahihi. Akayasoma taratibu. "Kaka, haya ungeyasema siku ile," akasema, akanirudishia karatasi. Ombi la kutaka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ifanye marejeo ya uamuzi linatakiwa lipelekwe ndani ya wiki 6, nami nilikuwa nimechelewa sana. Nilimlipa nilichoweza kutoka mfukoni mwangu. Si sawa na alichodai, na haki yake haikuwa deni langu peke yangu.

Januari 2023 serikali iliunda kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando kutazama hali ya uchumi wa vyombo vya habari. Ni kweli magazeti yana njaa, nimeiona kwa macho. Lakini hesabu ya gazeti lenye njaa inapaswa ionyeshe saa zilizofanyika, hata kama haina fedha za kuzilipa. Deni lililoandikwa linaweza kudaiwa kesho.

Mhariri mwenzangu unayejaza rejista leo, andika saa za kweli, na ukiambiwa upunguze, waachie wapunguze wao kwa kalamu yao. Na wewe msanifu, msomaji prufu, dereva wa usiku, weka daftari lako mwenyewe: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuwepo. Mwandishi wa kujitegemea unayelipwa kwa stori, jua kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inakuchukulia kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama umemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Msisubiri mpaka mpunguzwe. Siku ni 60, na huanza kuhesabiwa tangu siku mliyonyimwa.