Mada Finyu, Hoja Nzito

Kila ninapotoa zoezi la utafiti mdogo kuhusu riwaya, anwani ya kwanza kufika mezani kwangu huwa hii: "Maudhui katika Chozi la Heri". Hiyo haitoshi kuwa anwani ya utafiti. Riwaya hii ya Assumpta K. Matei ina ukabila, ukimbizi, ufisadi, ndoa na malezi. Ukiyabeba yote, utataja mengi bila kuthibitisha hata moja.

Anza na jambo linalokukera au kukutatiza unaposoma. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza, "Mwalimu, mbona sote tunamlaani Sauna na hakuna anayeuliza ametoka wapi?" Nikamwambia, mada umeshaipata. Sauna anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi. Kangara. Kitendo hicho hakina utetezi. Hata hivyo, riwaya inatuonyesha pia jinsi alivyodhulumiwa na baba wa kambo.

Anwani aliyoandika kwanza ilikuwa "Sauna ni Mhalifu kwa Sababu ya Malezi Mabaya". Tazama kasoro yake: hukumu imetolewa kabla ya ushahidi kusikizwa. Nikamwuliza, "Na Dick je?" Dick naye alitenganishwa na nduguze, akalazimishwa kulangua dawa za kulevya, lakini baadaye akaiacha kazi hiyo na kujitafutia riziki ya halali. Msichana akanyamaza, akarudi kitabuni. Wiki iliyofuata aliniletea hii: "Malezi na Uhalifu: Ulinganisho wa Sauna na Dick katika Chozi la Heri".

Ni maneno 12 tu, lakini msomaji anajua suala linalochunguzwa, wahusika wanaohusika, mbinu ya kuwachunguza na kitabu chenyewe. Tena, jibu halijatolewa. Mtafiti ana nafasi ya kugundua kwamba alichodhania mwanzoni si kweli.

Kwa hivyo, kabla hujaikubali anwani yako, jiulize:

1. Je, naweza kuonyesha matukio mahususi kitabuni yanayoihusu?
2. Je, kuna tukio linaloweza kunipinga?
3. Je, kazi hii itamalizika kwa muda na kurasa nilizopewa?

Usidhani zoezi hili liko mbali na mtihani. Katika Karatasi ya Tatu, swali la riwaya huwa na alama 20. Tunaposahihisha, mtahiniwa aliyezoea kulenga suala moja hutambulika mapema, kwa kuwa kila hoja yake ina tukio la kuithibitisha. Aliyezoea kusimulia hujaza kurasa, nasi tukatafuta hoja tusiione.

Sasa chukua daftari. Andika swali moja ambalo riwaya imekuachia, kisha uligeuze kuwa anwani isiyozidi maneno 15. Mpe mwenzako aisome. Akikuuliza, "Unamaanisha nini?" iandike upya.